Jeki Aliyoichagua Nzembi

Kila Jumamosi, kabla jua la Voi halijaanza kuchoma migongo ya watu, Nzembi alikuwa ameshaponda ukwaju na kuuloweka kwenye pipa. Maji yake, meusi kama chai ya strungi na makali kama siki, ndiyo yaliyolegeza kutu. Vyuma vilivyotumbukizwa humo Jumatano, Jumamosi vilikuwa tayari kusuguliwa kwa brashi ya waya. Kazi ya pipa ilikuwa yake tangu gredi ya nne. Sasa alikuwa gredi ya saba, na viganja vyake vilikuwa na madoa ya kahawia ambayo hata sabuni ya kipande ilishindwa kuyatoa. Shuleni wenzake walimtania kwamba anapaka hina ya vyuma.

Uani kwao, katika mtaa wa Mwakingali, palijaa vifaa vya kila aina: randa za maseremala zisizo na visu, misumeno iliyong'oka meno, spana, nyundo zisizo na mipini, vaisi za kubania vyuma zilizogoma kufunguka. Mama yake, Kasiva, ambaye wateja wote walimwita Mama Nzembi, alivinunua vikiwa skrapu, kwa uzani, vikiwa vimechanganyika na mabati na vyuma vya vitanda. Wanunuzi wengine wa skrapu walipakia kila kitu kwenye lori kikayeyushwe Mombasa. Yeye alikaa kwanza juu ya debe, akachambua rundo kama anayechambua maharagwe, akitafuta kifaa ambacho bado kina uhai. Ujuzi huo hakuupata chuoni. Kwa miaka tisa alifagia karakana ya shamba la mkonge, na miaka hiyo yote mikono ilifagia huku macho yakisoma.

Kulikuwa na sheria moja ambayo haikuvunjwa pale uani. Hakuna kifaa kilichotoka kabla ya kupimwa kwa chaki. Chuma kilipakwa mafuta ya taa, kikaachwa kiyanywe, kisha kikapanguswa kwa kitambaa hadi kikauke kabisa. Baada ya hapo kilipakwa unga wa chaki, chaki hizihizi za darasani, ambazo Nzembi aliomba vipande vyake kwa mwalimu wa zamu. Chuma kizima kilibaki cheupe. Lakini penye ufa, hata mwembamba usioonekana kwa macho, mafuta yaliyojificha ndani yalirudi juu polepole, yakachora mstari mweusi kwenye chaki. Kifaa kilichopita mtihani huo kiliwekwa nukta nyeupe ya rangi upande wa chini. Mafundi wa Voi, Mwatate hadi Taveta waliijua nukta hiyo. Walikigeuza kifaa, wakaiona, wakanyamaza, wakalipa.

Wiki tatu kabla ya Jumamosi hii, Nzembi alikuwa amevuta kutoka kwenye rundo jeki ya kizamani, ile ya kuzungusha kwa chuma, nzito hadi ikabidi aiburute kwa mikono miwili. Ilikuwa imeganda kutu juu mpaka chini.

"Injinia, hiyo ni ya kuyeyushwa," alisema Kituku, binamu yake, akicheka. Kituku alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliopita na alikaa nao akimsaidia Mama Nzembi kuendesha tuktuk ya mizigo. Alikuwa kijana mwema, ila ulimi wake haukujua kupumzika. "Hata ukwaju wa Kaunti nzima ya Taita Taveta hautaiamsha hiyo."

"Itaamka," Nzembi alijibu.

Mama yake aliigeuza ile jeki, akaigongagonga, akamtazama binti yake. "Haya. Hii ni yako mwanzo mwisho. Ukiiamsha, nukta utaiweka wewe mwenyewe."

Nzembi hakuamini masikio yake. Brashi ya nukta hakuwahi kuishika mtu yeyote isipokuwa Mama. Hata Kituku mwenyewe hakuwahi kupewa. Wiki tatu hizo alifanya kazi kama siafu. Alibadilisha maji ya ukwaju mara nne. Alisugua, akatia oili, akagonga kwa kipande cha mti, akatia oili tena. Siku ya kumi na mbili skrubu ilizunguka robo mduara na kulia kama mlango wa kanisa, na Nzembi akapiga kelele hadi majirani wakachungulia. Fundi Bonface wa Mraru, mteja wao wa siku nyingi, aliiona jeki hiyo ikiwa nusu imesafishwa, akasema, "Mama Nzembi, hii usimpe mtu mwingine. Nitaijia Jumamosi."

Sasa Jumamosi ilikuwa imefika. Mama alikuwa sokoni. Kituku alikuwa akioga. Nzembi aliipaka jeki mafuta ya taa, akangoja, akaipangusa, akaipaka chaki, kisha akachuchumaa mbele yake.

Chaki ilibaki nyeupe. Akatabasamu. Halafu, shingoni mwa jeki, pale skrubu inapoingilia, kitu kikaanza kujichora. Kilikuwa chembamba kama unywele. Kilitambaa kutoka kushoto, kikazunguka nyuma ya shingo, kikasimama.

Nzembi alisogeza uso karibu. Alifumba macho, akafumbua. Mstari ulikuwa palepale.

"Labda ni alama ya kiwandani," alijiambia. Alipangusa, akapaka mafuta upya, lakini safari hii hakungoja yanywewe, na moyoni alijua kwa nini hakungoja. Akapaka chaki. Mstari ukaja tena, hafifu zaidi. "Umeona? Unapungua," alijiambia. Mtu akitaka kudanganywa hakosi mwalimu, na mwalimu wa Nzembi asubuhi hiyo alikuwa Nzembi mwenyewe. Alisikia maji ya bafuni yakifungwa na Kituku akipiga mluzi. Kichwani alimwona tayari akitoka, akiutazama ule mstari, akisema, "Nilikwambia nini, Injinia?" Aliiona brashi ya nukta ikirudi kwenye rafu ya juu. Akakamata kitambaa, akafuta chaki yote.

Kituku alipofika uani, baada ya kuvaa na kunywa chai, alikuta jeki inang'aa kwa rangi ya kijani, shingo imepakwa mara mbili, na Nzembi akiwa amepiga magoti akiweka nukta nyeupe chini yake. Alibonyeza brashi mno, nukta ikawa kubwa kuliko kawaida.

"Kweli umeiamsha," Kituku alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.

Saa sita Mama alirudi, na Fundi Bonface akafika nyuma yake kwa pikipiki. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na alikuja amembeba bintiye Wendy, wa miaka sita, mbele ya tangi la petroli. Aliigeuza jeki, akaiona nukta.

"Ni ya mkono wa Nzembi," Mama alisema kwa fahari. Kisha akamgeukia binti yake. "Umeipitisha kwenye chaki?"

"Ndiyo, Mama."

Hakuwa amesema uongo. Aliipitisha, tena mara mbili. Lakini ukweli wenyewe aliukata nusu, na nusu aliyobaki nayo ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Fundi Bonface akafunga jeki nyuma ya pikipiki kwa mpira, akamshika Nzembi mkono kama anavyoshikwa mtu mzima, akaondoka.

Siku hiyo Nzembi hakumaliza chakula. Alipoulizwa alisema ana joto. Usiku aligeukageuka kitandani, na kila alipokaribia kulala aliuona ule mstari ukijichora. Asubuhi, kanisani, mhubiri alisema mengi lakini Nzembi hakuambulia hata moja. Aliwaza tu: labda Fundi hajaitumia. Labda ataitumia kwa gari dogo. Labda ni alama ya kiwandani kweli. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nzembi alikuwa ameuziba wake, tena kwa rangi ya kijani, mara mbili, na bado hakupata raha.

Baada ya ibada Mama alibaki ukumbini na wanawake wa chama chao. Nzembi na Kituku walirudi nyumbani, wakakaa mezani kula.

"Mbona umenuna siku ambayo watu wanakusifu?" Kituku aliuliza, mdomo umejaa githeri. "Fundi Bonface amepiga simu asubuhi tukiwa tunajiandaa. Anasema jeki yako ni moto wa kuotea mbali. Kuna lori la mboga kutoka Bura limekatika springi hapo Mraru, limejaa kabeji hadi juu. Anasema leo ndiyo ataijaribu."

Kijiko kilimwanguka Nzembi.

"Lori? Limejaa?"

"Limejaa. Wenyewe hawataki kupakua, wanasema zitachubuka. Kwani vipi?"

Nzembi alikimbilia chumbani, ambako simu ya Mama ilikuwa ikichajiwa. Vidole vilikosea namba mara mbili. Mara ya tatu ikaita. Iliita sana. Kisha sauti ndogo ikapokea.

"Haloo?"

"Wendy? Ni mimi Nzembi wa Voi. Baba yuko wapi?"

"Yuko chini ya gari."

"Wendy, nisikilize vizuri. Mwambie Baba atoke. Sasa hivi. Mwambie..."

Simu ikalia mlio mmoja na kunyamaza. Alipiga tena. Sauti ya mashine ikamwambia kwamba mteja hapatikani. Akapiga tena na tena, na kila mara ile sauti ilirudia maneno yaleyale kwa upole uleule. Simu ya fundi ilikuwa imezimika, na hakuna aliyejua kama mtoto alikuwa amesikia neno lolote.

Nzembi alikuwa na namba hiyo moja tu. Kutoka Voi hadi Mraru si mwendo wa miguu. Alifikiria kumwomba Kituku ampeleke bila kusema sababu, kwamba amesahau kitu, kwamba Fundi alimwita. Uongo mwingine ulikuwa tayari umeshapanga foleni kichwani mwake. Kisha akawaza miguu ya Fundi Bonface ikitokeza chini ya lori, na Wendy ameketi kando akiichezea simu. Akatoka mbio.

Kituku alimwona akipita uani. "Unaenda wapi?"

"Washa tuktuk!" Nzembi alipiga kelele bila kugeuka. "Tukutane kanisani! Kituku, tafadhali, washa!"

Ukumbini wanawake kumi na wawili walikuwa wameketi kwa duara, na Mama alikuwa amesimama akizungumza. Nzembi aliingia akitweta, kiatu kimoja kikiwa kimefunguka. Wote wakamgeukia. Alikuwa amepanga kumvuta Mama pembeni na kumnong'oneza, lakini pumzi ya kunong'ona hakuwa nayo.

"Mama, jeki ina ufa. Niliuona. Niliuona kwenye chaki nikaufuta, nikapaka rangi, na Baba Wendy yuko chini ya lori sasa hivi."

Nzembi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alingoja kofi, au sauti ya juu. Mama hakumgusa. Aliuliza jambo moja tu.

"Ufa uko wapi? Chini au shingoni?"

"Shingoni."

Uso wa Mama ulibadilika rangi. Hata mkoba wake aliuacha kwenye kiti.

Walipitia nyumbani kwa dakika mbili tu. Mama alitupa nyuma ya tuktuk jeki nyingine, magogo mawili mafupi na nyundo kubwa ya kupasulia mawe. Kisha Kituku akashika barabara ya Taveta. Safu za mkonge zilipita kulia na kushoto, zote sawa, kana kwamba tuktuk haisogei. Upepo ulipuliza vumbi jekundu machoni. Nzembi aliketi katikati yao. Alingoja Mama aseme kitu, aseme chochote, hata matusi, lakini Mama alikaza macho mbele, mkono mmoja ameshika ubao wa mbele kama anayeisukuma tuktuk iende kasi zaidi. Moyoni Nzembi alirudia, "Mungu, awe ametoka. Awe tu ametoka, mengine yote nitakubali."

Mara moja tu Kituku alimtupia Nzembi jicho la pembeni, na halikuwa jicho la kucheka.

Waliliona lori kabla hawajafika, limeinama upande mmoja kando ya barabara, kabeji zimepandana hadi juu ya mbao zake. Dereva wake alikuwa amelala usingizi kwenye kivuli. Wendy aliketi juu ya jiwe, simu mkononi. Na chini ya lori, nyuma ya gurudumu lililofunguliwa, ilitokeza miguu miwili yenye viatu vya turubai. Haikuwa inasogea.

Nzembi aliruka kabla tuktuk haijasimama. "Baba Wendy!" Sauti yake ilikatika. "Baba Wendy!"

Mguu mmoja ukajikuna kwa mwingine.

"Nani huyo?" sauti ya upole ilitoka chini ya lori. "Nipisheni kidogo, nimebakisha nati moja."

"Fundi, toka," Mama alisema. Alikuwa ameshuka na kusimama karibu na gurudumu, naye hakupaza sauti. "Toka polepole, usiiguse jeki. Nati itakungoja."

"Mama Nzembi? Kwani kuna nyoka?"

"Toka kwanza."

Fundi Bonface alijiburuta nje kwa mgongo, amejaa grisi hadi nyusi, akainuka akijipangusa na kuwatazama mmoja mmoja. Nzembi alitaka kulia kwa furaha, akakumbuka bado hajafika mahali pa kufurahi.

"Sema wewe," Mama alimwambia.

Nzembi alisema. Alisema yote safari hii, ule mstari, kitambaa, rangi iliyopakwa mara mbili, na nukta. Alisema akitazama viatu vya turubai kwa sababu uso wa Fundi hakuweza kuutazama. Alipomaliza, Fundi Bonface alijikuna kichwa, kisha akacheka kicheko kifupi.

"Mstari kama unywele tu? Mama Nzembi, mmenitisha bure. Jeki hii imebeba lori tangu saa nne asubuhi na haijatikisika. Ni chuma cha zamani hiki. Watu wa siku hizi hawawezi kutengeneza namna hii."

Na hapo, kwa sekunde chache, Nzembi alihisi kitu kibaya kuliko hofu. Alihisi kutamani Fundi awe sahihi. Kama jeki ni nzima, basi hakufanya kosa, na maneno yote yale aliyoyasema mbele ya wanawake kumi na wawili yalikuwa ya bure.

Mama hakubishana. Yeye na Kituku walikaza jeki ya pili kando ya ile ya kijani, wakasukuma magogo chini ya ekseli, wakainua kidogo kidogo hadi uzito ukahama. Jeki ya kijani ikalegea, wakaivuta nje. Kwa macho haikuwa na tofauti yoyote na ilivyokuwa jana. Mama aliilaza juu ya jiwe kubwa, akamkabidhi Nzembi ile nyundo.

"Kifaa kibovu hakitupwi kikiwa kizima," alisema. "Mtu atakiokota, atakisafisha, atakiamini. Huvunjwa. Na wewe uliyekipa nukta ndiye utakayekivunja."

Nyundo ilikuwa nzito. Wiki tatu za ukwaju zilikuwa pale juu ya jiwe. Nzembi aliinua, akapiga, nyundo ikaruka na kumuuma viganja. Fundi Bonface akatikisa kichwa kana kwamba anasema, si niliwaambia. Nzembi akainua tena, akapiga kwa nguvu zake zote.

Jeki ikapasuka shingoni, vipande viwili, kwa sauti kavu.

Wote waliinama kutazama. Chuma kilichovunjika sasa hivi hung'aa kama fedha mpya, na kweli sehemu moja ya shingo iling'aa hivyo. Lakini sehemu hiyo ilikuwa ndogo, upana wa kidole cha Nzembi. Kwingine kote, mduara mzima, chuma kilikuwa cheusi na kimejaa kutu ya miaka mingi. Ufa ulikuwa umekula shingo karibu yote kabla hata jeki haijafika uani. Na kwenye ukingo wa nje, rangi ya kijani ilikuwa imepenya ndani ya ufa na kukaukia humo.

Kilichokuwa kimelishikilia lori zima la kabeji, tangu saa nne asubuhi, kilikuwa ule upana wa kidole kimoja.

Fundi Bonface alikaa chini, palepale kwenye vumbi. Alimwita Wendy, akampakata, akamkumbatia bila kujali kwamba anampaka grisi kwenye gauni la Jumapili.

"Sasa ndiyo naogopa," alisema mwishowe. "Saa ile sikuogopa. Sasa ndiyo naogopa."

"Nisamehe, Baba Wendy," Nzembi alisema, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. "Nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini hebu fikiria. Ungekuja kuniomba msamaha kesho, ungenikuta wapi?"

Kituku aliviokota vile vipande viwili, akavitazama kwa makini, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Injinia, mimi ningepita hapa bila kuona kitu. Ule mstari uliuona wewe. Jicho lako halikukosea."

"Halikukosea hata kidogo," Mama alisema. Alimsogelea binti yake, akamfuta machozi kwa ncha ya leso yake, kisha akamshika mabega ili wasikwepane macho. "Ndiyo maana kosa hili ni zito, Nzembi. Asiyeona ana udhuru. Wewe uliona, ukachagua kuficha ili usichekwe. Ungeniletea jeki hiyo jana ukaniambia, 'Mama, imepasuka,' ningejua nina fundi nyumbani. Fundi si yule ambaye kila chuma anachokigusa kinapona. Vyuma vingi havitapona. Fundi ni yule anayeweza kusema 'hiki hakifai', hata kama amekihangaikia wiki tatu, hata kama watu watamcheka. Nukta yetu haisemi kwamba sisi ni hodari. Inamwambia mtu kwamba anaweza kulala chini ya gari na jioni akarudi kwa watoto wake."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nina kosa langu. Nilikuuliza kama umeipitisha kwenye chaki. Sikukuuliza chaki ilisema nini, wala sikuigeuza jeki nikaitazama mwenyewe. Nilifurahi mno nikasahau kazi." Akamgeukia Bonface. "Fundi, nukta ile ni yangu, hata kama mkono haukuwa wangu. Nisamehe na mimi."

Fundi Bonface aliitikia kwa kichwa.

"Brashi ya nukta utaiweka chini hadi muhula uishe," Mama alimwambia Nzembi. "Kupima utapima. Kila kifaa. Na kila utakachokiona utaniambia, kibaya kabla ya kizuri. Kesho ukitoka shule tutaanza na kila kitu kilichopita mkononi mwako mwezi huu."

Nzembi alikubali. Jambo la ajabu ni kwamba adhabu hiyo haikumuumiza. Ule mwiba wa kooni ulikuwa umetoka, na kwa mara ya kwanza tangu jana alihisi njaa.

Fundi Bonface aliinuka, akamkabidhi Wendy kwa Kituku, akachungulia chini ya lori, akachungulia magogo, kisha akaipiga ile jeki ya pili teke dogo la kuijaribu. Alipokwisha kulala chali tayari kuingia, alisita, akainua kichwa.

"Nzembi," aliita. "Hii nyingine, nani ameipima?"

"Ni Mama."

"Mama ameipima jeki yake mwenyewe. Wewe njoo uitazame."

Nzembi alimtazama mama yake, naye akampungia mkono aende. Akapiga magoti kwenye vumbi kando ya Fundi. Aliitazama jeki juu, akaitazama chini, akazunguka nyuma ya shingo taratibu kwa ncha ya kidole, bila haraka, huku dereva wa kabeji, aliyekwisha kuamka, akinung'unika kwamba jua linakwenda. Nzembi hakumsikiliza. Alizunguka mara ya pili. Ndipo akaketi juu ya visigino vyake.

"Nzima, Baba Wendy," alisema. "Unaweza kuingia."

Fundi Bonface akaingia.